KIPIMO CHA MAJI NA UNGA KATIKA VYAKULA VYA CHACHU

Maelezo haya ni kwa wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, hasa wale walimao ulezi, mtama na muhogo kwa chakula cha nyumbani. Hayasemi habari za shamba. Yasema habari za unga uliokwisha kusagwa na maji yanayotiwa ndani yake, kwa kuwa mavuno mema huweza kupotea jikoni kama yanavyopotea ghalani kwa wadudu.

Ukiuliza katika nyumba kumi jinsi uji mchachu unavyofanywa, utajibiwa kwamba unga hutiwa maji "kiasi". Kiasi hicho hukaa katika mkono wa mpishi. Mama aliyepika miaka ishirini hakosei sana, wala hatuna neno la kumfundisha juu ya mkono wake. Lakini binti anayeanza kujifunza, au baba aliyeachiwa watoto wakati mama amelazwa hospitali, hana mkono huo. Naye akifuata macho yake atadanganyika, maana uji mwepesi na uji mzito hujaza bakuli sawasawa. Yafaa basi kuijua hesabu yenyewe. Haihitaji mizani kwa sehemu kubwa. Yahitaji kikombe kimoja tu, nacho kisibadilishwe mpaka kazi iishe.

HESABU HUANZA KWA UNGA

Kanuni ya kwanza ni kwamba unga huhesabiwa kuwa moja siku zote, kisha maji hutajwa ni mara ngapi ya unga huo. Ukitia unga kikombe 1 na maji vikombe 8, twasema moja kwa nane. Ukipika unga vikombe 3, maji yatakuwa vikombe 24, na uji utakuwa ule ule. Asiyehesabu hivi hufanya kosa moja linaloonekana kila mahali: wageni wakija, huongeza maji na kuacha unga kama ulivyokuwa. Uji huongezeka chunguni, lakini chakula hakikuongezeka hata punje.

Jambo la pili huwashangaza watu wengi, nalo yafaa kulijaribu kwa mikono yako. Twaa unga kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, uvikoroge pamoja katika bakuli. Kisha jaribu kuvirudisha katika vikombe viwili. Havitajaza. Utapata kikombe kimoja na kidogo chini ya nusu, basi. Sababu yake ni kwamba katikati ya chembe za unga mna hewa nyingi, nayo maji huingia mahali pa hewa. Kikombe cha kawaida cha maji kina uzito wa gramu 250, lakini kikombe kicho hicho cha unga kina gramu 140 hivi, huzidi au hupungua kidogo kwa jinsi ulivyosagwa na kushindiliwa. Kwa hiyo mtu akisema "sawa kwa sawa", yapasa kumwuliza: sawa kwa kikombe, au sawa kwa mizani? Ni mambo mawili mbalimbali, na makosa mengi ya wanaoanza hutoka hapo.

Unga usishindiliwe kikombeni siku moja na kuachwa huru siku ya pili. Chota, kisha pitisha kisu juu ya mdomo wa kikombe.

KUFANYA CHACHU

Chachu ya nyumbani haina siri. Katika unga wa nafaka mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vikipata maji na joto hula sukari ya unga na kutoa uchachu. Vingine hutoa hewa, ndiyo maana chachu hufura na kutokwa mapovu.

Twaa unga wa ulezi au mtama kikombe 1, utie maji kikombe 1 ya uvuguvugu. Maji hayo yawe yamechemshwa kwanza yakapoa, hasa yakiwa yametoka ziwani au katika kisima kisichofunikwa. Koroga katika chombo safi cha udongo au cha plastiki, funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto. Siku ya kwanza huoni kitu kikubwa. Siku ya pili au ya tatu utasikia harufu ya uchachu mwema, kama ya maziwa yaliyoganda, na mapovu yataonekana. Harufu ikiwa ya uvundo, au ukungu wa rangi ukiota juu, tupa yote na kuanza tena; usiukwangue ukungu na kudhani yaliyobaki yamepona.

Mara ya pili kazi huwa nyepesi. Acha vijiko vichache vya chachu iliyo tayari, uvitie katika unga mpya na maji mapya kwa kipimo kile kile, nayo itachacha kwa usiku mmoja. Hapa kipimo cha maji kina nguvu yake: donge jepesi lenye maji mengi huchacha upesi, na donge gumu huchacha polepole. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba chachu yake "hailingani", leo imewahi na kesho imechelewa, mara nyingi hana ubaya wa chachu; ana kikombe kinachobadilika, au ana baridi ya usiku ambayo hakuihesabu.

MFANO WA MKATE

Watu wengi wa mjini Musoma na Bunda hununua mkate wa hamira dukani. Lakini chachu hii ya nyumbani huweza kuumua mkate wa ngano pia, na mkate ndio mwalimu mzuri kuliko vyote wa hesabu ya maji, kwa sababu hauvumilii makosa. Hapa mizani yafaa.

Kwa mkate wa kawaida, kila gramu 100 za unga wa ngano hutaka maji gramu 65 hivi. Basi unga gramu 500 hutaka maji gramu 325. Hata hapa hesabu ni rahisi. Tatizo huja ukitia chachu, kwa kuwa chachu yenyewe ni unga na maji. Tuseme umefanya chachu ya ngano kwa mizani, unga gramu 50 na maji gramu 50, ikawa gramu 100. Ukiitia juu ya unga gramu 500 na maji gramu 325, mkate wako sasa una unga gramu 550 na maji gramu 375. Yaani maji yamepanda kutoka 65 hata 68 kwa kila mia. Anayeanza huona donge linanata mikononi, akatupia unga wa kukadiria, na tangu hapo hajui tena alilofanya. Njia iliyo sawa ni kutoa kwanza kile kilichomo katika chachu: tia unga gramu 450 tu na maji gramu 275 tu, kisha chachu gramu 100. Jumla itakuwa unga 500 na maji 325, kama ulivyokusudia.

Kanda donge, liache lifure mahali penye joto kwa saa tano au zaidi, maana chachu hii ni ya polepole kuliko hamira ya dukani. Liviringe, uliache lifure tena kidogo, kisha ulioke katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ukitaka kuchanganya unga wa mtama, usizidishe sehemu moja katika tano, kwa kuwa mtama hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Watu wa Sudan, ambao mtama ndio chakula chao tangu zamani, hawajaribu kuulazimisha uwe mkate wa kufura. Huchachusha donge lake, hulifanya jepesi kwa maji, na kulioka kama karatasi juu ya bamba la moto. Mkate huo huitwa kisra. Wahabeshi hufanya vivyo hivyo kwa nafaka yao iitwayo tefu.

UJI WA MTOTO

Mkate ukiharibika, hasara ni unga wa siku moja. Uji wa mtoto ni jambo jingine.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji uji wala maji. Maziwa ya mama yamtosha. Baada ya miezi sita huanza kulishwa, huku akiendelea kunyonya. Lakini tumbo lake ni dogo. Kadiri ya wataalamu ni kwamba tumbo la mtoto huchukua gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, akilishwa gramu 240 ameshiba, nazo ni karibu kikombe kimoja. Hataweza zaidi, hata umbembeleze namna gani.

Sasa tazama kilichomo katika kikombe hicho. Uji ukipikwa moja kwa nane, unga ulio katika kikombe kimoja cha uji ni gramu 17 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa. Ukipikwa moja kwa nne, ni gramu 32, au vijiko vinne. Ukipikwa moja kwa mbili, ni karibu gramu 58, vijiko saba. Mtoto yule yule, tumbo lile lile, kikombe kile kile. Wa kwanza amekunywa maji yenye rangi ya ulezi, naye hulia baada ya saa moja, akaambiwa ni mtundu.

Mama ataniuliza: nani awezaye kumlisha mtoto mchanga uji wa moja kwa mbili? Huo si uji, umekaribia kuwa ugali. Asema kweli. Ndiyo sababu akina mama huongeza maji. Hawafanyi kwa uchoyo bali kwa kuwa mtoto hawezi kumeza. Dawa ya jambo hili wanaijua wenyewe tangu zamani, ila huitumia katika pombe. Nayo ni kimea.

Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, utandaze juu ya kitambaa kibichi, uufunike na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utakuwa umeota. Uanike juani ukauke kabisa, uusugue kwa viganja mpaka miche na mizizi ikatike, upepete, kisha usage. Tumia ulezi, si mtama, kwa chakula cha mtoto, kwa maana miche ya mtama ina sumu. Aliye na mtama peke yake hana budi kuiondoa miche yote na mizizi yake asibakishe hata mmoja. Kimea kilichoota ukungu kitupwe.

Pika uji mzito, unga kikombe 1 kwa maji vikombe 2, uive vema. Uepue, uuache upoe kidogo mpaka uache kuchemka kabisa lakini ungali moto wa kutoa mvuke. Tia kimea kijiko kimoja kikubwa kwa kila kikombe cha unga uliopika, ukoroge. Katika muda wa dakika kumi utaona jambo ambalo huonekana kama mazingaombwe: uji mzito uliosimamisha mwiko hulegea na kutiririka, wala hukutia hata tone la maji. Nguvu ya kimea hukata ule mnato wa wanga. Ukikitia katika uji unaochemka nguvu hiyo hufa, na uji hautalegea. Ukiisha kulegea, urudishe motoni uchemke mara moja tena, maana kimea kilikuwa kibichi.

Na uchachu wafaa nini hapa? Unga uliochachushwa kwanza usiku mmoja, ndipo ukapikwa, huzuia vijidudu vingi viletavyo kuhara visizae ndani ya uji hata ukikaa saa kadhaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walichunguza togwa na uji wa kimea pamoja na wenzao wa Sweden, wakaona kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Lakini ukichachusha kwanza, kumbuka somo la mkate: maji uliyotia katika chachu ni sehemu ya maji ya uji. Ukiwa umechachusha unga kikombe 1 kwa maji kikombe 1, wakati wa kupika umebakiwa na kikombe 1 tu cha kuongeza ili ufike moja kwa mbili. Wengi husahau, wakaongeza viwili, na kazi yote ya kimea ikapotea.

Unga peke yake hautoshi kumkuza mtoto, hata upimwe vizuri namna gani. Dagaa wa ziwani waliokaushwa wakasagwa, karanga zilizopondwa, au maziwa kwa wafugaji, vyote vyaingia katika uji huu baada ya kulegea. Ongeza kijiko au viwili vya dagaa katika bakuli la mtoto, na kijiko cha karanga.

UNGA WA MUHOGO

Yote yaliyosemwa juu ni ya nafaka. Muhogo una sheria yake, na hapa maji si suala la uzito na wepesi tu.

Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Udaga wetu wa kanda ya ziwa hufanywa kwa kumenya mihogo, kuilundika na kuifunika siku kadhaa mpaka ilainike na kuota ukungu, kuikwangua, kuivunjavunja na kuianika. Kazi hiyo ikitimizwa sumu nyingi hutoka. Ikifupishwa kwa sababu ya njaa, sumu hubaki katika unga, wala huwezi kuiona kwa macho. Hapa mkoani Mara jambo hili lilionekana wazi mwaka 1985. Ukame ulipoipiga Tarime, watu walibaki na muhogo mchungu peke yake, wakala unga ambao haukukaa muda wake. Watu, hasa watoto na akina mama, walipooza miguu kwa ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, na ulemavu wake hauponi.

Dawa ya kwanza ni kutofupisha siku za kuvundika na kukausha. Lakini kuna njia ya maji iliyobuniwa Australia na Howard Bradbury na wenzake, nayo imekwisha kufundishwa kwa akina mama wa kusini mwa Tanzania. Nayo ni kipimo cha maji na unga, tena kipimo kisichohitaji kikombe wala mizani.

Tia unga mkavu wa muhogo katika bakuli, uusawazishe, na utie alama kwa ndani pale ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Utaona unga unashuka chini ya alama, kwa sababu ile ile ya hewa tuliyoeleza hapo mwanzo. Usiogope, endelea kutia maji na kukoroga mpaka unga uliolowa upande tena na kuifikia alama. Hapo acha, maji yametosha. Sasa utandaze juu ya mkeka au turubai, unene usipite sentimeta 1, uuache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Katika muda huo sumu hugeuka kuwa hewa na kwenda zake. Sumu inayobaki ni theluthi moja ya ile ya kwanza au chini ya hapo, pengine hata sehemu moja katika sita.

Maji yakipungua kazi hiyo haitimii, kwa kuwa penye ukavu sumu haifunguki. Yakizidi, unga huwa tope lisilotandazika, na tabaka nene huizuia hewa ya sumu isitoke. Kwa hiyo fuata alama, usifuate macho. Siku ya mawingu hesabu saa tano za kivulini, wala usihesabu mbili kwa kuwa jua lilitokeza kidogo. Watoto na kuku wazuiwe wasiukaribie mkeka. Unga huo uliolowa usirudishwe guniani. Upikwe ugali siku iyo hiyo, na unapochemsha maji ya ugali kumbuka kuyapunguza, kwa maana unga wako umekwisha kunywa sehemu yake.